Ujumbe Uliokuja Kuonja Kahawa Yetu

Niseme upumbavu wangu kwanza, kabla mtu mwingine hajausema vibaya zaidi: niliwaambia kina mama wa ushirika wa kahawa kwamba wazungu wanatema kahawa yetu kwa sababu wanaogopa sumu.

Nilikuwa natania. Najua hilo halisaidii kitu. Shuleni kwetu Gihundwe nimepewa adhabu za utani mpaka msimamizi wa nidhamu hanisalimii tena, ananiuliza tu, "Leo umefanya nini?" Nimeshamwigiza padri akihubiri huku ameshikwa na kwikwi. Nimemwigiza mwanajeshi wa daraja la mpakani akipekua beseni la sambaza na kuwauliza wale samaki vitambulisho vyao. Watu wanacheka. Na ukishazoea kuchekesha, unaanza kudhani kila mtu aliyekaa mbele yako amekaa kwa ajili hiyo.

Mama yangu ndiye alikuwa mwenyekiti wa ushirika huo. Tulirudi kutoka Bukavu baada ya vita vya kwetu, na huko alikuwa mwalimu, kwa hiyo Kifaransa chake hakina shimo hata moja na haogopi mwanamume aliyekaa nyuma ya meza. Kina mama wa vilima vya juu ya ziwa walimchagua kwa hayo mawili, si kwa kahawa yake, maana miti yetu nyuma ya nyumba ilikuwa michache na yenye huzuni. Wengi wao walikuwa wajane, na wengine walikuwa kama mama, wenye waume walio "ng'ambo". Ng'ambo ni Kongo, ni pale tu ukivuka mto, lakini neno hilo kwetu lilibeba kila kitu: mtu amefungwa, amekufa, amevaa sare, ana mke mwingine. Tulipokuwa tumesharudi, Baba alivuka wakati wa vita vya kwanza vya huko kwenda kuangalia nyumba tuliyoiacha. Basi. Yuko ng'ambo.

Kila mavuno alikuja mfanyabiashara mmoja na lori lake. Alitia mkono ndani ya gunia, akanusa, akakunja uso kama mtu aliyefungua mlango wa choo, halafu akataja bei. Kukiwa na mapigano ng'ambo, alisema barabara zimejaa malori ya jeshi, usafiri ni ghali. Kukitulia, alisema wanunuzi wamepungua. Mama alikuwa akimsikiliza amefumba mdomo, na nyumbani akawa anabamiza milango.

Ndipo ofisi moja kule chini Cyangugu, mbele ya ziwa, ikaleta habari. Kulikuwa na Mkurugenzi wa mambo ya biashara ya kilimo, mwanamume wa koti moja na simu ya mkononi aliyoishika kama mtu anayebeba yai. Kazi yake ilikuwa kutafuta urafiki wa kibiashara na Ulaya. Mpango wenyewe ulikuwa hivi: wanunuzi kutoka Ubelgiji watakuja kwa ndege, wataonja kahawa za vilima vyetu, na wakipendezwa watatia sahihi mwaliko. Kwa mwaliko huo ujumbe wa watu wetu utakwenda Ulaya, kukaa ana kwa ana na wale wanaokaanga kahawa na kuiuza, bila lori, bila yule wa kukunja uso. Mama angekuwa ndani ya ujumbe huo.

Bila mwaliko, hakuna ujumbe. Bila ujumbe, ni lori. Hata mimi, ambaye hisabati inanikimbia, nilielewa.

Sikujua kwamba kupokea wageni wa kuonja ni kazi ya kuwaza kila kitu kinachonuka. Mama aliandika barua, akabeba barua, akafuata barua. Ratiba ilipigwa taipu tena na tena kwa sababu kila mkubwa alitaka hotuba yake itangulie ya mwenzake. Glasi za kuonjea lazima zifanane, na mji mzima wa Kamembe ulikuwa na baa moja tu yenye glasi zinazofanana. Mwenye baa akashika kitambulisho cha mama kama rehani. Halafu yakaja makatazo. Siku hiyo mtu asikaange samaki karibu na ukumbi wa parokia. Mtu asijipake mafuta ya kunukia. Kwaya isijitie manukato. Kahawa hunyonya harufu yoyote, mama alisema, na wazungu wataionja hiyo harufu badala ya kahawa.

"Na majasho ya Mkurugenzi?" nikamuuliza.

"Weye, toka hapa."

Lakini alicheka. Nakumbuka kwa sababu ilikuwa mara ya mwisho kwa muda mrefu.

Sasa nieleze kuhusu Koko. Kwetu koko ni bibi, ingawa yeye hakubakiwa na mtu wa kumwita hivyo kwa haki, tulimwita wote. Aliishi juu kabisa ya kilima, mahali ambapo ukungu wa ziwa hufika asubuhi na kukaa kama umelipia kodi. Kahawa yake ilikuwa bora kuliko ya wote, na hakuna aliyebisha. Alichuma buni zilizoiva tu, moja moja. Aliziosha kwa maji ya chemchemi, akazianika kwenye mkeka ulioinuliwa juu ya nguzo za miti, akakaa pale mchana kutwa akizipekua kama anayemtoa mtoto chawa. Mama alikuwa amepanga kahawa yake iwekwe katikati ya meza.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyekunywa kwa Koko.

Baada ya vita, jirani yake mmoja alikwenda kwake matangani, akanywa bia ya mtama, na siku chache baadaye tumbo likamuua. Wakati ule matumbo yaliua watu kila upande, kipindupindu kilitembea nyumba kwa nyumba kama mtoza ushuru. Lakini huyu alikuwa amekunywa kwa Koko. Hakuna aliyemshtaki, hakuna aliyesema kwa sauti. Watu waliacha tu kunywa. Kwetu ukimkaribisha mtu kinywaji, unaanza wewe: unanywa funda la kwanza mbele ya macho yake, ndipo unampa. Ni adabu, na hofu iko ndani ya hiyo adabu. Mgeni akikitema ulichompa, amekushtaki mbele ya watu. Koko alionja mbele ya wageni mara mbili, mara tatu, akawanyoshea kikombe, nao wakasema, "Aksante Koko, nimeshiba." Watoto wa shule tulipita kwenye uzio wake mbio, tukiwa tumefumba midomo, eti hata hewa yake ina sumu.

Nilijua yote haya. Naomba msomaji asinisaidie kwa kudhani sikujua.

Jumamosi moja kabla ya wageni, mama alilazimika kushuka Cyangugu kuhusu viti, na kina mama walikuwa wanakuja kwetu kufundishwa siku itakavyokwenda. Mwezi uliotangulia mwonjaji mmoja wa kahawa alikuwa amepita kuangalia mahali, na mimi nilimbebea begi, nikamwona akifanya kazi yake. Mama akanipa somo nilifundishe mimi.

"Sikia muzuri. Bale bazungu batatema. Ubaambie bamama ile si dharau, njo kazi yabo. Muntu akimeza kahawa ya siku muzima, moyo itapasuka. Umesikia?"

"Nimesikia, Maman."

"Rudilia."

"Si dharau, njo kazi yabo, moyo itapasuka."

"Na?"

"Na nisicheze."

"Na usicheze," akasema, akaenda.

Kina mama walikaa uani kwetu, juu ya mikeka na makreti. Koko alikaa pembeni, karibu na uzio, kama kawaida yake. Nilianza vizuri. Nilionyesha mlango wageni watakaoingilia, nilionyesha namna ya kupiga makofi bila kuchelewa. Halafu nikafika kwenye kuonja, na mikono yangu ikaniponyoka. Nikafunga taulo kiunoni. Nikachukua kijiko. Nikainama juu ya sufuria tupu, nikavuta hewa kwa mluzi mrefu, fyuuuup, mashavu yakavimba, macho nikayazungusha juu kama mtakatifu kwenye picha, halafu nikatema ndani ya kopo, tuu!

Walicheka mpaka mweka hazina wetu, mama mnene mwenye sauti ya tarumbeta, akaanguka kando ya kreti lake.

"Sasa juu ya nini banatema?" akauliza akijifuta machozi. "Iko mubaya?"

Jibu nilikuwa nalo. Kazi yabo, moyo itapasuka. Lakini kicheko kilikuwa kinaanza kushuka, na mimi kicheko kinachoshuka siwezi kukivumilia, ni kama kuona mtu anazima redio katikati ya wimbo.

"Banaogopa sumu, Maman! Kule kwabo banasemaka, ukifika Cyangugu kunywa maji ya mvua tu, na mudomo ufungulie juu weye mwenyewe!"

"Yesu wangu! Uyu mutoto atakufa mubaya!"

Walicheka tena, kwa nguvu zaidi. Halafu kicheko kikakatika, kikianzia upande wa uzio na kuja kwangu, kama mvua inavyoondoka juu ya mabati. Hakuna aliyemtazama Koko. Watu wengi wakikataa kumtazama mtu mmoja kwa pamoja, inasikika.

Koko alikuwa anaangalia mikono yake. Kisha akasema kwa upole, "Endelea, mwana. Kisha banafanya nini?"

Nikaendelea. Nikaeleza habari za meza, za viti, za nani atakaa mbele. Ile sentensi ya mama, ya moyo na ya kazi, sikuisema. Ingechukua pumzi moja tu. Lakini kuisema wakati ule ilikuwa ni kukubali kwamba nimeona nilichofanya, na nilitaka sana niwe sijaona.

Mama aliporudi akaniuliza, "Ulibaeleza juu ya kutema?"

"Nilibaeleza."

Siku yenyewe ikafika na jua zuri la kudanganya. Upande wa Bukavu ulisikika mlio wa risasi mara moja mbili asubuhi, kama ilivyokuwa siku nyingi. Mkurugenzi akawaambia wageni ni watu wanapasua mawe. Walikuwa wametua Kamembe kwa ndege ndogo. Kwanza alikuwepo mwonjaji mkuu, mzee mwenye upara na kijiko chake mwenyewe ndani ya mfuko wa ngozi. Kisha mama mmoja mrefu, ndiye mnunuzi, ambaye sahihi yake ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta. Na kijana wa kupiga picha. Rubani aliwaonya kwamba mawingu yakishuka mchana hataweza kuruka, kwa hiyo mambo yaende upesi. Mkurugenzi akajibu ndiyo, upesi, kisha akasoma hotuba yote.

Kina mama walikaa upande mmoja wa ukumbi, wamevaa vitenge vya aina moja. Mimi nilisimama karibu na mlango na ndoo za maji, nikiwa na kazi ya kujaza birika. Mama alisimama mezani kati ya wageni, akitafsiri. Alikuwa amenyoosha mgongo kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, na nikafikiri, huyu kweli anakwenda Ulaya.

Harufu ya kahawa iliyokaangwa ilijaa mle ndani. Wengi wa kina mama wale hawakuwahi kuinywa kahawa yao hata siku moja. Unalima, unauza, unakunywa chai. Walikuwa wananusa kazi yao kwa mara ya kwanza.

Mzee wa upara akainama kwenye glasi za kwanza. Fyuuuup. Akatema kwenye kopo. Kina mama wakafunika midomo kwa vitenge, mabega yakatikisika, wengine wakanitupia jicho. Niliwarudishia tabasamu. Mjinga kabisa. Fyuuuup, tuu. Fyuuuup, tuu.

Akafika katikati, kwa kahawa ya Koko. Akavuta, akasimama. Akafumba macho. Akatema polepole, akavuta tena, akatema tena. Akamwita mama mrefu kwa kidole. Naye akavuta, akatema, wakatazamana. Wakainamiana, wakanong'ona. Yule mzee akarudi kwenye glasi nyingine za kahawa ileile, akavuta, akatema, akatikisa kichwa.

Leo najua kutikisa kule kulikuwa kwa mtu asiyeamini bahati yake. Lakini sisi tuliona tulichoona: kwa wengine wametema mara moja, kwa Koko wametema na kutema na kunong'ona.

Nyuma yangu mtu akasema kwa sauti ya chini, "Banajua."

Koko akainuka.

Hakwenda haraka. Alipita mbele ya viti vya wakubwa, mbele ya Mkurugenzi aliyekuwa bado anatabasamu kwa kamera, akafika mezani. Akatugeukia sisi, si wazungu.

"Muniangalie," akasema.

Akachukua glasi ya kwanza akainywa yote, pamoja na mashapo. Akachukua ya pili. Kahawa ilikuwa bado ya moto, niliona shingo yake ikikakamaa. Alikunywa zote zilizokuwa zake, moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho, unga mweusi ukamshika midomoni na kwenye kidevu. Akajifuta kwa kiganja.

"Mumeona. Sasa muhesabu siku."

Kisha yule kijana akapiga picha, na mzee wa upara akaanza kupiga makofi akicheka kwa furaha. Alidhani bibi wa watu ameshindwa kujizuia mbele ya kahawa tamu. Mama mrefu naye akacheka. Mkurugenzi, kwa kutojua la kufanya, akacheka kuliko wote.

Koko aliwatazama wanavyocheka.

Mzee akamgeukia mama yangu, akasema maneno ambayo hata Kifaransa changu cha shule kiliyapata: ndiyo hii, hii ndiyo tuliyokuja kuitafuta, itayarishwe tena. Niliona uso wa mama ukifunguka na kufungwa papo hapo, kwa sababu Koko alikuwa ameshainama chini ya meza na kuvuta kigunia chake cha kahawa ya kuonjesha, kile pekee tulichokuwa nacho pale, akakiweka kichwani.

"Koko, rudi! Banaipenda!"

"Banatema kitu banapenda?"

"Njo kazi yabo, Koko! Mutoto hakubaeleza?"

Mama akanitafuta kwa macho. Nilikuwa nahesabu vifungo vya viatu vyangu.

"Alitueleza," akasema Koko. Basi, hivyo tu. Hakunisema. Pale mlangoni akasimama kidogo, akamtazama mama, mtazamo mrefu, halafu akapita karibu yangu na harufu ya kahawa na kigunia kichwani.

Mweka hazina akainuka. Kisha jirani yake. Kisha mstari mzima. Kwetu mtu akitukanwa mbele ya watu, hamkai kula na aliyemtukana. Walitoka wote, vitenge vya aina moja vikipanda njia ya kilima. Lakini nilisimama mlangoni nikawaangalia, na kati ya Koko na wale waliomfuata kulikuwa na nafasi ya kutosha lori kupita. Sijui kama walikuwa wanamfuata au wanamkimbia.

Kilichobaki kilikuwa cha kuchekesha, kama ningekuwa na moyo wa kucheka. Kwaya iliimba mbele ya viti vitupu. Mkurugenzi akawaambia wageni kwamba kina mama wamekwenda kutazama chakula, na chakula kilikuwa mlango wa pili, kinapoa, hakuna wa kukipakua. Mama mrefu akauliza swali moja tu: ushirika uko wapi? Mama akaanza kujibu, akatafuta neno, na kwa mara ya kwanza nikasikia shimo katika Kifaransa chake. Mzee wa upara alionja kahawa zilizobaki kwa adabu, haraka. Akauliza kama kuna hata kiganja cha ile ya katikati. Mama akapapasa juu ya kitambaa cha meza, kama mtu anayetafuta sindano. Kulikuwa na mashapo tu.

Mawingu yakashuka. Walimshika mama mkono, wakasema labda mwaka ujao, wakapanda gari. Mkurugenzi alibaki nyuma hatua chache ili aseme lake.

"Madame, umenipaka mavi mbele ya Ulaya nzima," akasema, akaenda zake kuwahi kuaga.

Mwaka ujao haukuja. Ng'ambo kuliwaka tena, malori ya jeshi yakapita usiku na mchana, na ndege zilizotua Kamembe hazikuwa za kuonja kitu. Baadaye tukasikia ujumbe umekwenda Ulaya kweli, na Mkurugenzi ndani yake, pamoja na wakulima wa sehemu nyingine. Mama aliisikia habari hiyo sokoni, akauliza bei ya maharage kana kwamba ameambiwa ni saa ngapi.

Mavuno yakaja, na lori likaja. Mfanyabiashara alitia mkono ndani ya gunia la Koko, akanusa, akakunja uso wa chooni. Akataja bei ileile ya wote, na watu wake wakaimwaga kahawa ya Koko juu ya kahawa yetu, pamoja na nyingine iliyonyeshewa, ikawa rundo moja. Nilikuwepo. Ilichukua muda mfupi kuliko kumwaga maji.

Na siku walizihesabu, ndiyo. Nilisikia shuleni, nilisikia kisimani. Wiki ikapita, mwezi ukapita, Koko akawa bado anapekua kahawa yake juu ya mkeka. Nilidhani sasa yamekwisha, mwanamke amekunywa mbele ya kilima kizima na yuko hai, ushahidi gani zaidi? Mjinga mimi. Watu walipata jibu bila hata kulitafuta: sumu haimdhuru mwenye sumu. Ushirika ulikutana mara mbili, mara ya pili wakaja wanne.

Likizo ilipofika nikaamua kupanda kwake kuomba msamaha. Nilitunga maneno njia nzima, kwa sababu mimi maneno ya kuchekesha huja yenyewe lakini ya namna nyingine lazima niyatafute. Nilimkuta mbele ya nyumba. Hakushangaa kuniona.

"Karibu, mwana. Kaa. Nina chai ku moto."

Akaingia, akatoka na kikombe cha bati. Akasimama mbele yangu, akanywa funda la kwanza, polepole, nimwone. Kisha akaninyoshea.

"Aksante Koko," nikasema. "Nimeshiba."

Yalitoka yenyewe. Sikuyafikiri. Hata nilipoyasikia hewani nilidhani yamesemwa na mtu mwingine. Koko akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeulizwa njia na kuelekeza, akamwaga chai chini ya mgomba, akarudi kwenye mkeka wake. Msamaha niliokuja nao nikashuka nao.

Nilimkuta mama amekaa mlangoni akichambua maharage kwenye ungo. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: somo la Jumamosi, sumu, kicheko kilivyokatika, kikombe cha bati. Nilisubiri kofi. Nadhani nililitaka. Mama hakuinua kichwa. Aliendelea kutoa mawe kwenye maharage, akayatupa uani moja moja. Halafu akasema, na nayaandika kama alivyoyasema:

"Nilijua tangu siku ile, mweka hazina aliniambia tukiwa tunarudisha viti. Na miye? Kila juma nilikuwa napanda kule juu ya kahawa yake. Ananimiminia, anaonja wa kwanza, ananipatia. Namuambia nimekunywa ku nyumba, Koko. Kila juma. Kama ningekunywa kwake hata mara moja, bale bamama banaona, utani yako ingekuwa utani tu."